Kwenda Ukweni kwa Baiskeli

Awino alimpa Jeremiah masharti mawili tu, na mtu mzima mwenye digrii mbili hakupaswa kushindwa na masharti mawili. La kwanza, aje kwa teksi. La pili, akishaingia nyumbani kwa baba yake mdogo, asilitaje neno Ujerumani hata kidogo, si kwa mzaha wala kwa mfano.

"Ukilitaja nitakusindikiza mpaka mlangoni, na usinipigie tena," alimwambia kwenye simu. "Sitanii, Jeremiah. Nimechoka."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Jeremiah. Awino alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Jeddah, na alikuwa na ile sauti ya wauguzi ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano haitauma. Jeremiah aliapa kwamba angeshika yote mawili. Aliapa haraka, kama anavyokubali mambo yote ambayo hajayafikiria.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Baba yake Awino alikuwa mzee wa Ugenya ambaye hapandi ndege na haamini picha za simu. Kwa kuwa vijana walikuwa wamekutana huku Saudia, aliamua kwamba jicho lake huku liwe mdogo wake, Mzee Ogutu, mhasibu aliyekaa Jeddah tangu baadhi ya maghorofa yake hayajajengwa. Mzee Ogutu angemtazama huyo Jeremiah, Mbukusu wa Bungoma, angekula naye, kisha angepiga simu nyumbani. Akisema kijana anafaa, watu wa Bungoma wangekaribishwa Ugenya wakaanze mazungumzo. Akisita, basi, hapangekuwa na mshenga wala ng'ombe, na Awino alikwisha kusema kwamba hataolewa kwa kuwaruka watu wake.

Sasa, kwa nini mwanamke mwenye akili zake amkataze mchumba wake kutaja nchi nzima? Kwa sababu Jeremiah alikuwa amekaa nchi hiyo miaka michache tu, akisomea uhandisi wa barabara, na alirudi nayo kama watu wanavyorudi na kikohozi. Ukimwambia chai imepoa, anakwambia kule Ujerumani. Ukimwambia umechoka, anakuuliza kama unaendesha baiskeli. Tena ni baiskeli hasa. Kanisa kuu la Münster, mji aliosomea, alilisahau, mto aliusahau, hata lugha ilikuwa imeanza kumtoka, lakini baiskeli zilimganda.

Na cha kuchekesha ni kwamba alipofika Münster alizidharau. Kwao Bungoma baiskeli aliijua vizuri. Ni kitu cha kupelekea gunia la mahindi kwenye mashine ya kusaga, cha kubebea kuku sokoni wakiwa wamening'inia vichwa chini, na cha kumbebea mgonjwa siku ambayo hakuna kingine. Mtu akifanikiwa, jambo la kwanza majirani wanaloliona ni kwamba ameachana na baiskeli. Mwalimu mkuu wa shule yao aliponunua pikipiki, wanafunzi waliimba. Kwa hiyo Jeremiah alipomwona profesa wake, Bwana Brinkmann, mtu mwenye mvi na vitabu vyenye jina lake, akifika chuoni kwa baiskeli mvua ikimtiririka usoni, na mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio kama cha nguo, moyo wake uliuma kweli kweli. Alidhani mzee amefilisika. Alidhani labda ni mke, au watoto, au pombe. Akaanza kumfungulia milango kwa upole mwingi na kumwita "sir" mara mbili katika sentensi moja.

Muhula ulipoisha, wanafunzi wa Kiafrika waliandaa chakula na kuwaalika walimu. Jeremiah aliombwa aombee chakula. Naye, mtoto wa mama wa kanisa, hakuweza kuombea wali peke yake. Alifumba macho, akapita juu ya wali na kuku, akafika kwa profesa. Akamwomba Mungu, kwa Kiingereza kilichonyooka na mbele ya watu wote, amkumbuke mzee huyu anayenyeshewa kila siku, amfungulie njia, ampe gari, hata kama ni dogo, hata kama limetumika, apumzishe miguu yake. Akafumbua macho. Wanafunzi wenzake walikuwa wanatazama sahani. Profesa alisema "Amina" kwa sauti nzito, akaja kumshika mkono.

Ilikuwa baadaye ndipo Jeremiah alipoanza kufunguka macho. Asubuhi moja alimwona jaji akipita kwa baiskeli, kisha padri, kisha mwanamke mwenye mimba ya kukaribia kujifungua akiongea na mwenzake wa baiskeli ya pembeni kama watu walio kwenye kochi. Akaona bibi wa umri wa nyanya yake akitoka sokoni na vitunguu kwenye kikapu cha mbele, na hakuna aliyemhurumia. Akaona baiskeli zina njia yake ya matofali mekundu na taa zake za barabarani, na kituo cha treni kina ghala zima la kuzilaza. Siku alipoalikwa nyumbani kwa profesa alilikuta gari gereji, kubwa, jeusi, limefunikwa shuka, na juu ya shuka paka amelala. Profesa alimkaribisha ndani. Nusu ya chakula alichokula siku hiyo Jeremiah hakujua ladha yake.

Alinunua baiskeli wiki ileile. Yule bibi wa vitunguu, au pacha wake, alimfokea kwa kuendesha upande usio wake. Polisi walimsimamisha kwa kukosa taa na kumpa somo refu kando ya barabara. Alianguka mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu, na kilichomshangaza ni kwamba hawakucheka. Mmoja alimwokotea kofia na kumkumbusha kwamba inatakiwa kukaa kichwani. Taratibu akawa mwenyeji. Akajua kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, akajua kubeba maziwa, vitabu na mtungi wa maua bila kuyumba. Ile raha ya kufika mahali kwa miguu yako mwenyewe, uso ukiwa umepigwa na upepo na hakuna mtu aliyekuuliza unatoka tabaka gani, ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Hapo Jeremiah alikuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kitu kikishakuwa sahihi Münster basi ni sahihi popote, hata kwenye jua la Riyadh.

Riyadh ndiko alikopata kazi, katika ofisi ya wahandisi mtaa wa Sulimaniyah. Alikuja na baiskeli ya kukunja, ya magurudumu madogo, aliyoinunua Ujerumani na kuisafirisha kama mtu anavyosafirisha mtoto. Wiki ya kwanza alijaribu kwenda nayo kazini. Kiti kiliungua jua hata suruali ikamnata. Madereva walimpigia honi, si kwa hasira bali kwa mshangao. Siku ya tatu askari wa barabarani alimsimamisha, akamtazama, akatikisa kichwa, akafungua mlango wa gari lake lenye kiyoyozi na kumwambia, "Yalla, ingia." Akampeleka mpaka ofisini, baiskeli ikiwa kwenye buti, bila kumwuliza hata ikama, kile kibali cha ukaazi. Jioni hiyo Jeremiah alianza kutafuta gari. Alilinunua, zuri, la rangi ya fedha, akaliendesha kila siku ya kazi, na kila siku ya kazi akaendelea kuwahubiria wenzake baiskeli kupitia dirisha lililofungwa.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba, akiruka kwenda Jeddah kumwona Mzee Ogutu, angeiacha baiskeli Riyadh. Hakuiacha. Alijiambia ataitumia asubuhi tu, kule ufukweni. Alilala kwenye hoteli ya bei ya chini Sharafiya, kati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa, na alasiri akavaa suti ya kijivu na tai, akabeba keki kwenye boksi, akatoka nje kuita teksi. Teksi ya kwanza ilimpita. Ya pili ilikuwa na mtu. Jeremiah alitazama njia kwenye simu, akaona si mbali, na hapo ndani yake akaamka yule bwana wa Münster. Angeendesha polepole. Angeshukia kwenye kona, ajifute uso, aikunje baiskeli na kuiacha kwa bawabu, kisha apande lifti akiwa mkavu kama mtu wa teksi. Awino hangejua. Mpango ulikuwa mzuri, na ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba ulitungwa na mtu aliyesahau unyevu wa Jeddah.

Riyadh jua hukukausha. Jeddah hewa yenyewe hukuvaa. Kabla hajafika nusu ya njia shati lilikuwa limegandana na mgongo, tai imekuwa kamba, na boksi la keki kwenye keria limelegea. Alipofika kwenye jengo hakupata hata nafasi ya kujifuta, kwa sababu kwenye duka la chini, akitoka na soda alizokuja kumnunulia mgeni, alisimama mwanamume mnene mwenye miwani ambaye picha yake Awino alikuwa amemwonyesha.

Mzee Ogutu aliiona baiskeli, akaliona boksi, akaiona ile suti iliyolowa. Akamwuliza kwa Kiarabu, kwa upole, chakula hicho ni cha nyumba gani.

"Ni chako, Mzee," Jeremiah alisema kwa Kiswahili. "Mimi ndiye Jeremiah."

Walipanda lifti wote watatu, Mzee, Jeremiah na baiskeli. Awino ndiye aliyefungua mlango. Alitazama baiskeli, akamtazama mwenye baiskeli, kisha akaipokea keki iliyobonyea na kwenda nayo jikoni bila kumsalimia. Jeremiah aliona mgongo wake tu, na mgongo ule ulimweleza kila kitu. Sharti la kwanza limeondoka. Limebaki moja.

Mama Magdaline, mke wa Mzee, alimhurumia papo hapo. Alimletea taulo, halafu shati kavu la mumewe, ambalo Jeremiah alilivaa na kupotea ndani yake. Wakaketi. Mzee Ogutu alimwuliza habari za safari na za Bungoma, na yote yakaenda vizuri. Kisha akashusha sauti, kama daktari, akamwuliza kama kazi bado ipo. Jeremiah akasema ipo. Akamwuliza kama kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, anamtendea haki, kama ikama haijaisha. Jeremiah akasema kila kitu kiko sawa.

"Na hiyo baiskeli?"

Hapo ndipo penye shida. Jeremiah alikuwa na jibu. Alikuwa na jibu refu, zuri, lenye mifano na majaji na mapadri, alilolitoa mara nyingi mpaka likawa laini kama hotuba ya harusi. Lakini jibu lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, na juu ya mlango huo limeandikwa Ujerumani. Awino alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imefungwa kifuani, akingoja.

"Naipenda tu, Mzee," alisema.

Hakuna maneno ambayo yangeweza kusikika maskini zaidi ya hayo. Mzee na mkewe walitazamana. Mama Magdaline alisimama na kumwongezea nyama kwenye sahani, halafu samaki juu ya nyama, halafu akakaa na kumtazama anavyokula. Jeremiah alikula, kwa kuwa mdomo ukiwa na samaki hauwezi kutoa hotuba. Kila alipotaka kueleza, akameza. Kila alipomeza, waliona mtu mwenye njaa.

Walipomaliza, Mzee Ogutu aliomba wasali kabla ya chai. Mama Magdaline aliongeza sauti ya televisheni, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa jengo lile, ili sala isisikike nje, na wote wakainamisha vichwa. Mzee aliomba kwa sauti ya chini. Alishukuru kwa safari, akawaombea wagonjwa wa nyumbani. Kisha akafika kwa Jeremiah.

"Na kijana huyu, Baba, unamjua," alisema. "Umemwona alivyokuja na jasho lake. Hajajificha. Nami nilipofika mji huu nilitembea kwa miguu, wewe unakumbuka, na viatu vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Mkumbuke. Mfungulie njia. Mpe gari, hata dogo, hata lililotumika, apumzishe miguu yake."

Jeremiah alifumbua macho. Maneno yalikuwa yake. Isipokuwa viatu, yalikuwa yake yote, yamesafiri kutoka ukumbi wa Münster yakaja kumtafuta kwenye kochi la Jeddah. Upande wa pili wa meza mabega ya Awino yalikuwa yanatikisika, na alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Alikuwa amesimuliwa dua ile ya profesa mara nyingi kuliko alivyotaka. Lakini Jeremiah hakuweza kucheka. Sauti ya Mzee ilikuwa imekatika kidogo pale kwenye viatu, na aibu ilimshika Jeremiah. Mzee huyu hakuwa anacheza. Alikuwa anamwombea kwa moyo wake wote mtu mwenye gari la rangi ya fedha.

Mama Magdaline alisema Amina, Awino akaikohoa. Jeremiah hakusema kitu.

Mzee alifuta miwani. Akasema kwamba yeye ameridhika na tabia ya kijana. Angepiga simu nyumbani na kuwaambia ni mpole, ana heshima, ila hali yake bado haijakaa sawa. Basi wasiharakishe, wampe muda kidogo ajipange, mwaka au miwili, kisha waonane tena. Aliyasema hayo kwa wema. Awino aliacha kucheka.

Jeremiah alizipima njia mbili zilizobaki, na zote zilikuwa mbovu. Akinyamaza, amekuwa maskini, na atangoja miaka miwili ajaliwe gari analolimiliki tayari. Akisema ukweli, amekuwa mtu aliyekwenda ukweni kwa baiskeli kwa kupenda, mbele ya jicho la mkwe, na kule Ugenya watu wangeulizana kama wamedharauliwa au kijana ana kichaa.

"Mzee," alisema, "mimi nina gari."

Televisheni iliendelea kupiga kelele. Mama Magdaline akaizima.

"Liko Riyadh. Ni zima. Hii baiskeli nimeipandisha ndege mwenyewe. Awino aliniambia nije kwa teksi, nikamwahidi. Kosa ni langu."

"Kwa ndege," alisema Mzee Ogutu, polepole.

"Ndiyo, Mzee. Na hiyo dua uliyoniombea, niliwahi kumwombea mtu vilevile. Profesa wangu. Nilidhani hana kitu." Akasimulia, akikwepa neno kila lilipojitokeza, akisema kule, na nchi ile ya baridi, na huo mji niliosomea. Alisimulia mvua na kibanio cha suruali, gari chini ya shuka, paka. Alijisema bila kujionea huruma, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kumpa Mzee.

"Nchi gani hiyo?" Mzee aliuliza.

Jeremiah alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Awino.

"Nimekuuliza, kijana. Nchi gani?"

Kumnyamazia mzee aliyekuuliza mara mbili, ndani ya nyumba yake, ukiwa umevaa shati lake, ni utovu wa adabu. Jeremiah alilijua hilo, na bado alinyamaza. Jasho lilianza upya ndani ya lile shati kavu. Mzee alimtazama, mkewe akamtazama, na kiyoyozi kikaunguruma.

"Ni Ujerumani, Baba," alisema Awino. "Alikuwa Ujerumani. Mimi ndiye niliyemkataza kusema. Mwache aseme, atapasuka."

Alikuja akaketi, si upande wa baba yake mdogo, bali kwenye kochi la Jeremiah, na kuacha nafasi ya heshima katikati.  Neno alilolisubiri mchana kutwa liliruhusiwa, na Jeremiah hakulitaka tena.

Mzee Ogutu alifikiri. "Huyo profesa," aliuliza hatimaye, "ulipomaliza kumwombea gari, na gari analo, alifanya nini?"

"Alisema Amina, Mzee. Akanishika mkono. Akaniambia hakuna mtu aliyemwombea tangu mama yake alipofariki."

Mzee alimgeukia. "Na mimi nilipomaliza," akasema, "wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi sema."

Jeremiah aliinamisha kichwa.  "Amina," alisema.

Mzee Ogutu aliitika kwa kichwa, kama mhasibu aliyeona hesabu imekubali. Akamwomba mkewe alete chai. Kisha akamwambia Jeremiah kwamba kesho angewapigia watu wa nyumbani, na Bungoma wajiandae. "Nitawaambia umefika," alisema. "Umefikaje, hilo sitalisema. Utawaeleza mwenyewe, na usiwaeleze kabla ya harusi."

Mama Magdaline ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza hakuweza kuacha. Ilibidi Awino akamimine chai badala yake. Alimpa Jeremiah kikombe, akamwekea kipande cha keki iliyobonyea.

"Sasa halas," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimelisema kwa niaba yako. Linatosha mwaka mzima."

Jeremiah alionja chai. Ilikuwa imepoa. Alijua kabisa jinsi chai inavyotunzwa moto kule, kwa kishumaa kidogo kinachowekwa chini ya birika, na sentensi yote ilikuwa tayari mdomoni. Akaweka keki juu ya sentensi hiyo, akatafuna.